Barua ya wazi: Tunaomba baraza la Mjomba, ufukweni Bagamoyo

Kwa waheshimiwa mnaosimamia ufukwe, ardhi na kumbukumbu za mji wetu,
Bagamoyo.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA BARAZA LA KUKALIA, KUMBUKUMBU YA MJOMBA, KARIBU NA SOKO LA SAMAKI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na shikamooni nyote mlionizidi umri.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza mliipokea na kuigonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Nakala yake ninayo, ingawa wino ulikuwa umekauka na tarehe haisomeki. Ya pili mlitutaka tuiandike upya, tuambatanishe na muhtasari wa kikao. Tukakaa kikao chini ya mti wa mkungu, muhtasari ukaandikwa, watu thelathini na mmoja wakatia sahihi, wengine dole gumba. Ya tatu ilijibiwa kwa mdomo, mlangoni, na mtu aliyekuwa anatoka kwenda kula: "Faili limepanda juu." Limepanda tangu msimu wa upepo wa kaskazi wa mwaka jana, na mpaka leo halijashuka. Kwa hiyo ya nne sikuileta ofisini. Nimeiweka hadharani, na wengine waisome.

Sitataja ofisi wala jina la mtu. Wenye faili mnajijua, na ninachotafuta ni jibu tu.

Mimi nakaanga samaki ufukweni. Wenzangu walinichagua kuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sina cheo kingine.

Na jina la Mjomba sitaliandika humu. Mama yake mzazi yu hai, na alitwambia hivi: jina la mwanangu lisianze kusomwa kwenye simu za watu kabla halijasomwa pale alipokuwa akikaa. Tumemkubalia. Wenyeji mnamjua, na kwenye faili limo.

Kwa msiomjua: Mjomba alikuwa mpanda mawimbi. Najua neno hilo linawachekesha baadhi yenu, maana mawimbi ya Bagamoyo si ya kutisha. Unguja imetukinga kwa mbele, na kaskazi yote bahari yetu imelala kama maji ya karai. Lakini kusi ikikaza, mwezi wa sita na wa saba, alasiri hutokea wimbi fupi linalovunjikia kwenye fungu la mchanga, na hapo ndipo alipokuwa akicheza tangu utoto wake. Ubao wake wa kwanza ulikuwa ndubi, ule ubao wa pembeni, ya ngalawa iliyovunjika. Aliuchonga kwa tezo, akaupaka sifa, yaani mafuta ya papa, kama vile mtu anavyopaka chombo, kisha juu akausugua kwa mshumaa ili nyayo zishike. Ukikaa naye upande unakotokea upepo, unasikia harufu ya mshumaa na papa, basi unajua leo ameingia majini. Baadaye mgeni mmoja alimwachia ubao wa faiba, mweupe, mwepesi. Aliutumia, lakini ule wa ngalawa hakuutupa.

Riziki yake ilikuwa kupakua majahazi na kutengeneza nyavu. Mawimbi hayakumlipa hata senti.

Kilichomfanya awe Mjomba wa mji mzima ni Jumamosi zake. Watoto wakishatoka chuoni, yaani madrasa, aliwapanga mchangani, kila mmoja na dumu la mafuta ya kula la lita tano, tupu, kifuniko kimekazwa. Hakuanza kwa kufundisha kuogelea. Alianza kwa kuelea: mtoto alale chali, akumbatie dumu, atazame mawingu na kuhesabu mpaka mia bila kupiga kelele. Akiweza, dumu linaondolewa na anahesabu tena. Wasichana walikuwa na zamu yao, na sisi mama zao tulikaa mchangani tukitazama. Hapo kwenye mia ya pili ndipo mtoto anaporuhusiwa kugusa ubao. Wapo waliokuja kwa ajili ya ubao tu, na wakaondoka wanajua kuelea, ambayo nadhani ndiyo ilikuwa hila yake tangu mwanzo.

Sasa nieleze siku ya Idi, kwa sababu wengi mnaofanya kazi hapa mmetoka bara na pengine hamjawahi kuelezwa.

Idi ndogo inakuja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ni bamvua. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, watoto wanaachiwa waende pwani na nguo zao mpya wakati ambao maji yanatoka mbali kuliko siku zote na kurudi kwa nguvu kuliko siku zote. Saa nne, saa tano asubuhi, mchanga umeanikwa mpaka huko. Wanatembea hadi kwenye fungu wakiokota kome. Maji yakianza kurudi hayawajii usoni. Yanapita kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yao, kati ya fungu na ufukwe. Mtoto anageuka kutazama nyumbani, anakuta yuko kisiwani. Ikifika saa kumi alasiri, fungu lenyewe halionekani.

Mwaka ule walibaki watano. Mwanangu alikuwa mmojawapo, na kanzu mpya niliyoishona ndefu makusudi ili aivae miaka miwili. Kanzu ikilowa ni nanga. Mjomba aliwaona kutoka chini ya mkungu, mahali alipokaa kila Idi bila kutumwa na mtu. Aliingia na ubao, akarudi na watatu, wawili juu na mmoja ameshika ukingo. Akaenda tena, akarudi na wawili. Mwanangu alikuwa wa mwisho kabisa kutolewa. Nilipopata pumzi nilimuuliza Mjomba, kwa ukali ambao mpaka leo naujutia, kwa nini wangu umemwacha wa mwisho? Akanijibu, "Ndiye pekee aliyekuwa amelala chali anahesabu. Nilijua nina muda naye." Mwanangu alikuwa amefika themanini na kitu.

Mjomba alifariki mwanzoni mwa kusi, kitandani kwake, baada ya kuugua kifua. Tulimzika siku ileile alasiri. Baada ya arobaini, vijana wake waliuchukua ule ubao wa ngalawa wakausimamisha kwenye shina la mkungu, wakaufunga kwa kamba ya nailoni. Hakuna aliyeomba kibali, na hilo tunakiri. Malalamiko yetu yanaanzia hapo.

1. Ubao uliondolewa kama takataka. Ilikuwa siku ya usafi. Nilikuwa nawasha moto, nikaona trekta linapita na tela, na juu ya vifuu vya nazi na chupa za plastiki umelala ubao wa Mjomba. Nilikimbia na mwiko mkononi. Dereva akasema yeye amepakia alichoambiwa apakie. Tulipofuatilia tukaambiwa uko stoo, haujatupwa, mshukuruni Mungu. Tukaomba kuuona. Mwenye ufunguo yuko likizo. Likizo hiyo sasa ina miezi minne, na mimi ningependa kujua inaombwaje.

2. Mji huu haujawahi kukosa mahali pa kuweka jiwe. Mwili wa Livingstone ulilazwa hapa usiku mmoja tu, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja, na mnara mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Askari wa Kijerumani waliokufa hapa wakati wa vita vya Abushiri wana makaburi yao, yenye majina, yametunzwa. Boma la 1897 tunalihurumia kila tofali linapoanguka. Burton, Speke na Stanley hakuna mtembeza wageni asiyewataja kabla ya saa nne asubuhi. Sisemi viondolewe. Wageni wanakuja kuvitazama, na mimi nauza samaki. Ila wengi wa hao walikuwa wanapita kwenda kwingine, au walikuja na bunduki. Aliyekaa hapa miaka yote akiwatazama watoto wetu wasizame amekosa hata futi kumi na mbili za saruji.

3. Tangu afe, ufukwe hauna mtu wala kamba. Hakuna boya, hakuna kibao kinachosema mkondo uko wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji duniani kwa mwaka, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Julai ndiyo kusi yenyewe. Sisi tarehe hiyo ilipita kama nyingine.

Nakuja kwenye majibu tuliyopewa kwa nyakati mbalimbali, mlangoni, kwenye simu na mara moja msibani.

4. "Hakuna bajeti." Hatujaomba shilingi. Saruji mifuko minane imeshanunuliwa kwa michango ya wenye vyombo na wachuuzi. Fundi ni mmoja wa waliofundishwa kuelea na Mjomba, hataki ujira. Daftari la michango liko wazi, njooni mlikague, na mkitaka kuchangia nafasi ipo.

5. "Sheria ya mita 60." Hili ndilo jibu tuliloliheshimu kuliko yote, kwa hiyo tulilifanyia kazi. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tulisubiri bamvua, maji yalipofika mwisho tukachomeka kijiti, tukapima kwa tepu ya fundi hadi kwenye mkungu. Ni mita 71. Mtoto aliyeshika ncha ya tepu akauliza, na lile bango la soda je? Tukapima na hilo. Mita 18, limesimikwa kwa zege. Sina ugomvi na soda.

6. "Huu ni mji wa kihistoria, lazima wataalamu wa mambo ya kale wahusishwe." Tumekubali tangu barua ya kwanza. Waje. Wakisema chokaa, tutajenga kwa chokaa. Wakisema lisipakwe rangi, halipakwi. Ombi la kuwaalika ndilo lililo kwenye faili lililopanda juu.

7. "Sanamu italeta maneno, mji huu ni wa Waislamu wengi." Aliyetueleza hili alitueleza kwa upole, na namshukuru. Lakini sanamu tuliiomba wapi? Someni ombi. Mjomba alizikwa kwa sunna na mama yake hataki kuona umbo la mwanawe limesimama juani. Tunaomba baraza. Mtu wa pwani akikumbukwa vizuri anakumbukwa kwa kitu kinachotumika, kama kisima au jamvi la msikiti. Mzee atakaa, mchuuzi atatua ndoo, mama mwenye mtoto atapata kivuli, na kila anayekaa thawabu inamfikia. Hiyo ni sadaka inayoendelea, na sheikh wetu ameshasema neno hilo mbele ya watu.

Na kwa kuwa sanamu zimetajwa, niwape kisa. Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeusambaza mchezo huu duniani, ana sanamu ya shaba huko Waikiki tangu 1990, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake. Ni nzuri, watu wanaivisha mashada ya maua. Ila waliisimamisha ikitazama barabara, na wapanda mawimbi wamenung'unika miaka yote: mtu wa bahari haipi bahari mgongo. Baraza letu litatazama maji. Hilo tumeliandika kwenye ramani kwa kalamu nyekundu ili fundi asijekujisahau.

8. "Huo ni mchezo wa wazungu." Wahawaii si wazungu, na wamisionari waliofika kwao karne ya 19 waliuona ni upotevu. Huko pwani ya Ghana, karne ya 17, tayari kulikuwa na wageni walioandika kuhusu watoto kuchezea mawimbi kwa vipande vya mbao. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo nani hakulalia kipande cha ubao akasukumwa na wimbi mpaka mchanga ukamchuna tumbo? Mjomba alisimama tu, basi.

9. "Hakuwa kiongozi." Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, kijana mvuvi aliyekwenda kwa kasia kuwatoa abiria alipewa shilingi milioni moja na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na yote yalifanyika ndani ya siku chache. Serikali ileile. Hakuulizwa alikuwa na cheo gani. Kwa hiyo jambo linawezekana, tena upesi.

10. "Angekuwa amekufa akiokoa mtu ingekuwa rahisi." Hili niliambiwa msibani na sitalisahau. Wahawaii wana Eddie Aikau, mwokoaji wa Waimea, ambaye Machi 1978 chombo chao kilipopinduka alipanda ubao wake akaenda kutafuta msaada, na hakuonekana tena. Anakumbukwa kwa haki. Lakini Mjomba aliingia akatoka, akaingia akatoka, miaka na miaka, na kila alipotoka alitoka na mtoto wa mtu. Sasa mnataka kumpunguzia kwa sababu alijua kazi yake?

11. "Tukimpa huyu, kesho watakuja na mwingine." Waje naye. Futi kumi na mbili zinatosha majina mengi.

Tunachoomba, kwa hiyo, ni haya:

(a) Mrudishe ubao. Kama mwenye ufunguo hajarudi, tuna fundi kufuli pale sokoni, atafungua mbele yenu na kuweka kufuli mpya kwa gharama zetu.

(b) Kibali cha maandishi cha kujenga baraza la futi kumi na mbili chini ya mkungu, lenye jina lake kwa herufi za kusomeka, na nguzo pembeni ya kutundikia boya na kamba ya mita thelathini. Kamba isifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, hilo nalisisitiza. Tumeshaona ufunguo unavyokwenda likizo.

(c) Jumamosi za kuelea zitambuliwe. Vijana wanne wa Mjomba wako tayari kuziendeleza. Mgambo amewafukuza mara mbili kwa kosa la kukusanya watoto bila kibali. Wapeni barua, hata ya mistari mitatu.

(d) Mtujibu kwa maandishi kabla Ramadhani haijaandama. Si kwa mdomo, si mlangoni. Hata likiwa hapana, liandikwe hapana na lipigwe muhuri wenye wino, tujue tunakata rufaa wapi. Tunataja Ramadhani kwa sababu ndani ya siku 29 au 30 baada yake ni Idi, na mimi nimeshawaeleza Idi inakuja na maji ya namna gani.

Mkikubali, ufunguzi hautahitaji mahema wala mgeni rasmi, ingawa mnakaribishwa na samaki watakuwepo. Mama yake atakaa wa kwanza.

Boya na kamba tumeshanunua. Viko nyumbani kwangu nyuma ya mlango wa jikoni, na mwanangu, ambaye sasa ananipita urefu, ndiye anayevitoa kila Ijumaa kuvianika.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Katibu,
kwa niaba ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wazazi wa ufukweni,
Bagamoyo.

Nakala:
– Mwenye ufunguo wa stoo, popote alipo.
– Mama mzazi wa Mjomba (atasomewa).